Gari Iliyokosa Mase

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu, na aliyenifundisha moteri ni moteri yenyewe. Lakini katika Kamina ya miaka ile ya vita, kutoka gare, kwenye stesheni ya treni, mpaka njia ya kwenda base ya wanajeshi, ukimuuliza mtu yeyote fundi wa magari ni nani, alikuonyesha lupango yangu, kiwanja nilichofanyia kazi. Sijisifu, nasema tu vile ilivyokuwa. Gari ilikuwa bado iko kwenye kona, mimi nimeshasikia ugonjwa wake.

Moja tu ilinitesa. Ilikuwa jeep ya dispansere ya mtaa wetu, na aliyeiendesha ni muuguzi mkuu mwenyewe, mama mmoja mrefu, Mumetodiste wa kuzaliwa, mwenye shule nyingi na Kifaransa kilichonyooka kama reli. Dereva wake alikimbilia kusini vita ilipokaribia, naye akashika usukani. Magari mengine ya mtaa wanajeshi walikuwa wameyabeba. Kwa hiyo mwanamke aliyeshindwa kuzaa nyumbani upande wetu wa mji alikuwa na jeep hiyo, ama kiti cha nyuma cha baiskeli.

Na bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Munganga wa hospitali alituambia wazi: huyu naye atatoka kwa kisu, na musichelewe kumuleta.

Ugonjwa wa jeep ulikuwa hivi. Asubuhi moja inawaka vizuri. Asubuhi nyingine unageuza ufunguo, inasema "tak", halafu kimya. Watu wanaisukuma, inawaka, mama anaileta kwangu. Ikifika kwangu, nazima, nawasha, nazima, nawasha, haina tatizo lolote.

"Mama, gari inakuogopa weye," nikamwambia. "Mbele yangu inaona haya."

"Isione haya, iwake," akajibu.

Nikabadilisha batri. Nikafungua demareri, ile inayoamsha moteri, nikaisafisha ndani mpaka ikang'aa, nikairudisha, nikaapa mbele ya wateja wote kwamba jeep ile haitakataa tena. Siku mbili baadaye mama alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Fundi mukubwa, imekataa. Na ile kamba ya kuvuta asubuhi imeniunguza tena vidole."

Alisema juu ya ile kamba ya chuma unayoivuta kwenye dashibodi ili moteri baridi iamke. Alishaniambia habari hiyo mara mbili, nikaipitisha kando. Nikacheka.

"Mama, ni moto ya moteri tu."

Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe. "Moto ya moteri gani? Haijawaka."

Nikaweka spana chini. Moteri ambayo haijawaka inapata wapi moto wa kuunguza vidole? Fundi wa Kamina nzima, na swali hilo sikujiuliza.

Nikachukua kable nene, tukatembea mpaka dispansere. Safari hii nilikataa gari isukumwe. Nilitaka kuikuta pale pale ilipougulia. Nikafunga mwisho mmoja wa kable kwenye kichwa cha batri, upande wa hasi, na mwisho mwingine nikaubana kwenye chuma cha moteri.

"Geuza, mama."

Ikawaka. Nikatoa kable: tak. Nikairudisha: ikawaka. Nikaingia chini, nikakwangua tope la masika mawili, nikauona ule msuko wa shaba unaounganisha moteri na mwili wa gari. Ulikuwa umekatika, zimebaki nyuzi chache. Njia ya kuja kwangu inavuka reli, na pale jeep ilitikisika, nyuzi zikagusana. Ndiyo maana kwangu ilikuwa nzima. Ikipoa dispansere, nyuzi zinaachana, na umeme unajitafutia njia nyingine ya kupita. Ukapata ile kamba nyembamba, ukaichoma.

Nikatoka chini napiga kifua. "Nimeipata! Mama, gari yako inakosa mase!"

Uso wake ukajifunga. "Inakosa nini?"

"Mase! Bila mase haitawaka, hata ugeuze ufunguo mpaka kesho."

"Weye fundi, sikia vizuri. Minyi niko Mumetodiste, na baba yangu alikuwa Mumetodiste. Hii gari haitaenda ku mese ya Bakatolike, na padri hatairushia maji!"

Kwa Kifaransa misa ni messe, mase yangu ni masse, na kinywa changu cha darasa la tatu kilikuwa kinayatamka maneno yote mawili sawasawa. Kwenye benchi la wagonjwa bibi kizee mmoja Mkatoliki akapiga makofi. "Mupeleke, mama! Jumapili iko karibu!"

Nikamweleza pole pole. Umeme unatoka kwenye batri, unafanya kazi, kisha lazima urudi nyumbani kupitia chuma cha gari. Hiyo njia ya kurudia njo mase. Alipoelewa alicheka mpaka akashikilia mlango.

Kisha akaacha kucheka. Akanivuta kando.

"Usiitengeneze."

"Mama?"

"Unafikiri wanajeshi waliniachia kwa huruma? Walikuja mara mbili, ikakataa, wakasema gari ya kusukumwa haifai vita, wakaenda zao. Ikianza kuwaka kila siku, wataibeba."

Nikamfikiria bibi yangu juu ya baiskeli, tumbo lile, njia ile yenye mashimo. Nikakaa chini karibu na gurudumu. Nilipoinuka, nilikuwa na jibu, na mpaka leo sijaona fundi mwingine aliyelifikiria. Nikaweka kable mpya, na mwisho wake nikaufunga kwa nati yenye masikio, ile inayofunguka kwa vidole, nikaificha nyuma ya batri. Mama akisimamisha gari, analegeza. Akitaka kwenda, anakaza. Tulijua sisi wawili peke yetu; wagonjwa wa benchi tuliwaambia ugonjwa umerudi.

Wanajeshi walirudi juma lile lile. Mkubwa wao akapanda, akageuza ufunguo: tak. Akaagiza niitwe. Nilikuta watu wamejaa, na katikati yao fundi mmoja wa upande wa gare aliyekuwa akinionea wivu, mikono kifuani.

"Weye njo fundi wanayemusifu? Iko na nini hii?"

Nikainama juu ya moteri. Nikagusa hapa, nikagusa pale. Jibu lilikuwa karibu na kidole changu.

"Shefu, gari hii imenishinda."

"Imekushinda weye?"

"Imenishinda kabisa. Sijui iko na nini."

"Darasa la tatu!" yule mwenzangu akapiga kelele, na mtaa mzima ukacheka. Sijawahi kumeza kitu kichungu kama kile. Wanajeshi wakaenda zao kwa miguu.

Uchungu wa bibi yangu ulianza asubuhi moja watoto wakienda shule. Tukamkalisha nyuma ya jeep, nikamshika. Naye alikuwa amesikia sokoni.

"Ni ile gari iliyokushinda? Unataka nizalie mu njia?"

"Nyamaza, uangalie."

Mama akaingiza mkono nyuma ya batri, akakaza, akapanda, akageuza ufunguo. Moteri ikaitika mara moja. Tukavuka reli, bibi yangu akinitukana kwa Kiluba kila shimo, na mimi nikifurahia kila tusi.

Kabla ya saa sita nilikuwa baba wa msichana, sauti yake inafika mpaka uani kwa hospitali. Pale uani mtu mmoja alinishika mkono, akanipa pole kwa ile jeep iliyonishinda.

Nikamwambia aksanti sana.