Gogo Lililopanda Mto

Mimi ni mpiga picha, na kazi yangu naionea fahari; asiyependa akajipige kwa simu yake. Studio yangu ni chumba kimoja mjini Mtwara, chenye pazia la bluu la picha za pasipoti na kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga. Humo ndimo nilimogombana na mume wangu kuhusu kamera yangu mpya.

Mume wangu anafanya kazi bandarini na hana subira na kitu anachokiona cha anasa. Aliweka mezani picha mbili za Idi, kila moja ukubwa wa kiganja. Moja niliipiga miaka mingi nyuma kwa kamera yangu ya kwanza ya dijitali, ya megapikseli sita. Nyingine niliipiga Idi iliyopita kwa kamera mpya, ya megapikseli ishirini na nne. Kote ni nyumbani kwetu Mahurunga, ukingoni mwa Ruvuma, na tumesimama mahali palepale, nami nimo baada ya kuitega kamera ijipige.

"Hebu nioneshe tofauti," alisema. "Mimi naona watu walewale na mto uleule."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa na hoja. Kwenye karatasi ndogo kamera hizo mbili ni sawa kabisa. Tofauti hujitokeza ukikuza. Nikazifungua zote kwenye kompyuta, moja kando ya nyingine. Kwenye picha ya zamani uso wa dada yangu ulivunjika ukawa miraba mitupu, pua mraba, jicho mraba. Kwenye ile mpya niliziona nyuzi za mtandio wake, na shanga mkononi mwa binti yake, ambaye alikuwa amesimama karibu na maji kuliko sisi wote.

"Umeona?" nikamwambia. "Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kina vitone mara nne ya kile cha zamani."

"Haya," alisema akicheka. "Na hilo gogo nyuma yenu? Likuze nalo."

Nikalikuza. Lilikuwa na macho mawili.

Mbele ya macho kulikuwa na matundu ya pua, na nyuma yake safu ya magamba yaliyochomoza juu ya maji. Mume wangu aliacha kucheka. Nikarudi kwenye picha ya zamani, na huko nako kulikuwa na doa la kahawia, ila upande wa chini wa mto, kwenye matete. Nililikuza mpaka likabaki vigae vinne vya rangi ya udongo. Nisingeweza kuapa kuwa ni mamba, wala kuwa si mamba.

Niliogopa, na nilikuwa na sababu yangu. Kijijini kwetu wanawake huchota maji ndani ya wigo, yaani miti iliyochimbiwa mtoni ikazunguka sehemu ya kuchotea ili mamba asipenye. Mimi ndiye niliyewatoa watu nje ya wigo huo. Idi ile ya kamera ya kwanza nililalamika kuwa miti inaharibu picha, nikawasogeza wote hadi kwenye mchanga ulio wazi. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikataa. "Wigo haukuwekwa pambo," alisema. Nikamjibu jeuri, nikamshika mkono nikamvuta, na kwenye picha amenuna. Tangu hapo kila Idi tulipiga palepale. Wasichana wa kijiji walipopata simu, wakapaita pale mchangani studio, na mimi nilikuwa nikiwasimulia wateja jambo hilo kwa majivuno.

Simu ya dada haikupatikana. Nikachapa kile kipande kilichokuzwa, mume wangu akawasha pikipiki kuelekea Mahurunga, na tulikuwa tumeshakipita kijiji cha Mtawanya ndipo nilipogundua kuwa sikufunga studio.

Dada yangu tulimkuta barazani akimenya muhogo.

"Mdogo wangu, mbona mnakuja kama mnafukuzwa?"

Nikampa picha. Aliishika mbali, kisha akaisogeza, akacheka. "Hili gogo nnalijua. Miaka ile lilikuwa kule chini, kwenye matete."

"Gogo gani linapanda mto, dada?"

"Labda maji ya bamvua yalilisukuma, bahari ilipojaa sana." Lakini kisu kilikuwa kimesimama ndani ya muhogo. Aliinama tena juu ya picha.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Kaenda ntoni na wenzie. Wanapiga picha kule studio yako."

Hakusema kwa kunilaumu, na ndiyo maana iliniuma. Tulikimbia wote watatu, dada yangu kisu kikiwa bado mkononi. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa sauti, nami si mtu wa kuomba kwa sauti.

Tulikutana nao njiani wakirudi, wanacheka. Nilimkumbatia yule binti mpaka akalia kuwa namuumiza. "Mama mdogo, tazama nilivyotoka!" alisema, akanipa simu. Pichani amesimama nje ya wigo, maji yamemfika magotini. Nikaikuza picha kwa vidole, nikalitafuta lile gogo pale lilipokuwa siku ya Idi. Maji yalikuwa matupu, yametulia.

Dada yangu alichungulia begani kwangu. "Afadhali ningemwona mamba mwenyewe, nijue aliko," alisema.

Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona mguu mmoja wa binti uko peku.

"Kandambili yako nyingine iko wapi?"

"Imebaki ndani ya maji, Mama mdogo. Nilikuwa nampelekea mama simu yake tu, halafu nirudi kuitafuta."

Dada yangu alidondosha kisu, akamshika binti yake mkono kama nilivyomshika mama yetu siku ile, ila yeye alimvuta kuelekea nyumbani.