Mlango Ulionipa Mgongo

Mume wangu alipoanza kuchora kanyumba kando ya nyumba yetu hapa Kapseret, nilimuuliza ni ka nani. "Ka wageni," akasema, macho kwa karatasi.

Wageni gani? Wageni wetu hulala kwa kochi na hakuna aliyewahi kulalamika. Asiyelala ni mama yangu tu, maana kwetu Waluhya mama halali nyumba ya mkwe wala hakutani naye ovyo. Akitoka kliniki hapa mjini hurudi Kakamega siku hiyo hiyo, miguu imevimba.

Akiwa anaoga, nikaichungulia ile ramani. Chumba kimoja, choo ndani, kajikoni ka mtu mmoja. Lakini mlango! Ulitazama ua wa nyuma, ukaipa nyumba yangu mgongo. Mtu akiingia pale, mimi kwa dirisha langu sioni hata kisigino.

"Mbona mlango uko nyuma?"

"Ni vizuri hivyo."

Ati ni vizuri! Dalili ya mvua ni mawingu. Nikajua naletewa mke mwenzangu, tena mlangoni pangu, na nikaapa sitatolewa kwangu nikiwa nimekaa tu.

Sikugombana. Yeye ni dereva wa lori, na alipopata safari ya wiki tatu nikamwendea fundi na chupa ya chai na mandazi moto. "Mzee amebadilisha mawazo," nikamwambia. "Mlango utazamane na wa jikoni yangu." Fundi akakubali.

Nyumba ilipoisha, mume wangu akapiga simu. "Nafika jioni. Mgeni anakuja mchana na teksi, mpokee wewe."

Aki ya nani, nimpokee mimi! Nikajifunga leso kiunoni nikasimama hapo getini. Teksi ikasimama. Akashuka mama yangu, na fimbo yake.

Alikagua kila kitu akicheka, hata bomba la choo akalifungua. Kisha akasimama mlangoni, akaona jikoni yangu mbele yake, na kicheko kikakatika.

"Mwanangu, asubuhi nitatoka vipi hapa, mkwe akiwa anapiga mswaki pale?"

"Fundi alikosea," nikasema. Nilimdanganya mama yangu mzazi, na aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Mwambie mkwe asante. Nyumba ni nzuri sana." Akarudi polepole kwa teksi iliyokuwa bado getini, nikamshikia fimbo akiinua miguu ile.

Jioni mume wangu akaingia na blanketi jipya kwapani. Akaninong'oneza, "Mama amelala?"