Kamba ya Ng'ombe Juu ya Gari

Dereva aliyemcheka baba yangu aliishia kukimbia barabarani!

Leo nimeona baiskeli juu ya gari hapa Nyanchwa, imefungwa usukani peke yake. Jamani, mnafunga aje siku hizi? Nikakumbuka 1973.

Baba aliuza ng'ombe sokoni Kisii ninunue baiskeli, maana nilikuwa nimepata kazi ya ualimu Nyamira. Ng'ombe akaenda, kamba tukabaki nayo. Kwetu kamba haiuzwi na ng'ombe, usije ukauza baraka za boma.

Dereva wa matatu ya kwenda Nyamira akapandisha baiskeli yangu mpya kwenye keria juu ya gari, akafunga usukani kwa mpira wa tyubu.

"Funga na magurudumu," baba akamwambia.

"Mzee, hii si ng'ombe, haitatoroka!"

Abiria wote wakacheka. Hata mimi (aibu yangu).

Baba akapanda mwenyewe, akafunga magurudumu yote mawili kwa ile kamba.

Tulipofika kona yenye mashimo, paa! Mpira ukakatika.

Dereva akasimamisha gari, akakimbia nyuma kutafuta baiskeli barabarani.

Baba hata hakushuka. Alitoa tu kichwa dirishani.

"Unatafuta nini huko, kijana? Ng'ombe wangu yuko juu."