Mtindi Uliogoma Kulainika

Kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu, zikiiva mpaka ganda likawa na madoa meusi, harufu yake hujaa nyumba nzima, nami hurudi mtaani kwetu Kimironko, jikoni kwa Mama, nikiwa na miaka minane na maswali mengi kuliko meno.

Mwaka ule Bibi, mzaa mama, alihamia kwetu kutoka Karagwe, Tanzania, alikozeekea akifuga ng'ombe. Mama alimpokea kama malkia. Akimwona ameshika ufagio, anamnyang'anya: "Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Basi Bibi akapumzika. Akapumzika mpaka akaacha kula. Anaonja kidogo, anasukuma sahani, anageukia ukutani. Daktari alimpima asione ugonjwa, na nilimsikia Mama akimwambia Baba kwa sauti ya kilio kwamba tukikaa hivi hivi tutampoteza. Niliogopa, jamani. Lakini mimi nikiogopa huuliza, na swali langu lilikuwa moja tu: Bibi angekula nini?

Maziwa aliyapenda. Ila kwake maziwa yalikuwa na heshima zake: huyanywi umesimama, huachi chombo wazi, huyachanganyi na kitu, na aliyeyasukasuka ndiye huonja kwanza. Mimi nikachanganya. Nilikuwa nimeonja mtindi wa kugandisha wenye matunda kwa rafiki yangu wa shule, na nilikuwa nawashwa kujua unakuwaje laini vile. Nikaponda ndizi, nikakamulia pasheni na mbegu zake, sukari sikutia maana Mama aliifungia kabatini, nikamimina mtindi, nikaweka kwenye friza. Kesho yake lilitoka tofali. Kijiko kilipinda.

Nilikosea wapi? Nikajaribu tena, safari hii kwenye chupa pana ya plastiki yenye kifuniko. Kila mtindi ukianza kushika nautoa, nautikisa kwa nguvu zangu zote, sebuleni karibu na kiti cha Bibi, maana jikoni Mama alikuwa anapika.

"Wewe mtoto," sauti ikatoka kitini, "unafukuza kuku au unasukasuka maziwa?"

"Nasukasuka, Bibi."

"Yewe! Nani anasukasuka hivyo? Lete."

Akashuka mkekani, akanyoosha miguu, akailaza chupa mapajani kama kile kibuyu chake kikubwa alichokiacha Karagwe, akaanza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila pupa, huku ametega sikio. "Yakikaribia, sauti inakuwa nzito," akanieleza, "sikiliza." Nikasikiliza, na kweli. Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akafungua mdomo amwambie apumzike. Bibi hakumtazama hata. Mama akaufunga mdomo.

Tukairudisha friza, tukaitoa, akasukasuka tena. Mwisho mtindi ukawa laini, wa njano, wenye vitone vyeusi vya mbegu. Bibi akaukagua kwa mashaka.

"Umetia matunda kwenye maziwa."

"Ndiyo, Bibi. Lakini aliyesukasuka ndiye huonja kwanza. Wewe mwenyewe ulisema."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akaonja. Akamaliza bakuli, akaomba jingine. Mama alirudi jikoni haraka kuliko kawaida, na tangu siku ile chupa ikawa ya Bibi, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Miaka mingi nilijisifu kwamba baridi ya mtindi wangu ndiyo iliyomrudishia hamu. Nikitembelewa na wageni nawasimulia, najigamba kweli kweli.

Mwaka huu Mama amehamia kwangu Kanombe. Nampenda, simwachi aguse hata sufuria. Juzi mezani nilimwona anaonja kidogo, anasukuma sahani, anageukia ukutani. Nilishtuka. Kumbe Bibi hakuwa amepoteza hamu ya chakula. Alikuwa amenyang'anywa kila kitu cha kushika, na tulimnyang'anya kwa upendo.

Nikaponda ndizi, nikamimina mtindi, nikafunga kifuniko, nikaanza kutikisa mbele yake, vibaya kadiri nilivyoweza.

Mama akavumilia kidogo. Halafu akanyoosha mikono.

"Lete," akasema.