Wifi Yangu na Mchuzi wa Ndoo

Wifi yangu ni mpishi wa hoteli ile yenye matawi kila mtaa. Zamani alionja mchuzi kiganjani, akikunja uso anaongeza chumvi. Siku hizi kampuni inaleta mchuzi wa ndoo, umeshapikwa, na sufuria yake meneja aliifungia stoo. Juzi nilikwenda kula hapo, nikatia tonge mdomoni, nikamwita.

"Wifi, umepika wewe huu?"

"Mie napasha tu."

"Basi sili. Nimefuata mkono wako, sikufuata ndoo."

Meneja akacheka. "Bibi, matawi yote ladha moja."

"Ndiyo, yote mabaya sawasawa."

Wifi hakucheka. Alirudi jikoni akakaanga vitunguu, harufu ikajaa ukumbini. Watu wa meza ya jirani wakarudisha sahani, wakataka mchuzi anaoupika yeye. Kesho yake meneja alimpa onyo, na sufuria yake akamrudishia apikie.