Mstari Uliopita Juu ya Kaburi

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Port Bell, Mpimaji Mkuu alimwamuru dereva ageuze gari lielekee barabarani, ndipo akaniruhusu kushusha chombo cha kupimia ardhi. "Wakianza kurusha mawe, okoa chombo kwanza," aliniambia. "Wewe utafuata." Nilicheka. Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumekimbia kweli, na tangu hapo sikuwahi kuingia kiwanja cha mtu bila kuogopa.

Ninyi vijana mnapima kwa setilaiti. Sisi tulianza kwa kutafuta mawe ya mpaka, yaani vipande vya zege vilivyofukiwa kwenye kona za kiwanja, kisha tukanyoosha kamba. Waganda hupanda hapo oluwaanyi, mmea wa majani marefu usiokufa hata kiangazi. Ukiupanda ndani ya kiwanja cha jirani, umetangaza vita.

Baadaye nilihamishiwa Nakawa, chini ya Mkuu wa Migogoro ya Ardhi, mama mkali asiyependa visingizio. Nilipokaribia kustaafu, alinituma Kasubi.

Mjane mmoja, Nalongo, mama wa mapacha, alilalamika kwamba jirani yake amemwibia ardhi kwa kupanda safu ya oluwaanyi upande wake. Jirani huyo alikuwa Afande, askari mstaafu kutoka kaskazini. Nyuma ya safu hiyo alikuwa amemzika binti yake mdogo. Nalongo alitaka kaburi lifukuliwe.

Nilimkuta Afande ameketi kando ya kaburi, panga mapajani, na Nalongo amesimama upande wa pili. Nilichimba, nikayapata mawe mawili, nikavuta kamba. Ilipita katikati ya kaburi. Nilipima tena nikiomba Mungu niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

"Sema," Afande alisema.

"Nusu ya kaburi iko kwa Nalongo."

Akasimama na panga lake. Niliangalia gari liko wapi. Ili tu aendelee kuongea, nikamuuliza kwa nini alipanda oluwaanyi pale.

"Hii maua?" Alishangaa. "Nilikata kule kwa kona, nikapanda. Mutoto alikuwa anaogopa jua. Nilitaka apate kivuli."

Nalongo akashika kichwa. "Maua? Ssebo, hii ni mpaka! Hapa Buganda, ukipanda hii, unasema shamba ni yako!"

"Mimi sikujua, mama. Kwetu hii ni maua tu."

Nalongo alikaa chini kwenye nyasi. Alilia, sijui kwa hasira au kwa huruma. "Basi mutoto akae," alisema mwishowe. "Lakini hizo utoe zote. Nitakupa maua ingine." Afande aliweka panga chini, akaanza kung'oa kwa mikono. Nami nilijiunga naye kung'oa.

Nilirudi ofisini nikachora ramani, mstari ukiwa pale pale kamba ilipopita. Mkuu wa Migogoro aliikagua, akaipiga muhuri. "Safi," alisema.

Siku hizi niko nyumbani, napumzika, na watu huniuliza kama kazi ile bado inanitisha. Mawe na mapanga nimeyasahau. Ila nasikia Nalongo amefariki, na wanawe wanatafuta mnunuzi wa kiwanja. Mnunuzi hatakuwa amesikia maneno yaliyosemwa pale nyasini. Ataonyeshwa ramani yangu, na ramani yangu haina kosa hata moja.