Mstari wa Mia

Kitu cha kwanza nilichokitambua kwa Benedeta ni nguo za kijivu. Mara tatu za kwanza nilizokwenda ofisini kwake kujifunza kazi, Busia upande wa Uganda, alivaa kijivu, na kuta na pazia vilikuwa vya kijivu pia. Nilidhani amefiwa. Nilipompa pole, alicheka.

“Sijafiwa, mwanangu. Nikivaa nyekundu, inaakisi kwenye skrini, halafu skrini inanidanganya. Hata hivyo skrini siiamini. Naamini huu.” Akanionyesha mchoro wa kupima mwanga pembeni mwa picha, wenye mistari kutoka sifuri hadi mia.

Kazi yake ni kuhariri video. Kwa miaka kumi na minne amehariri harusi, ambako kila mama anataka binti yake ang'ae kama karai jipya, wala hakuna anayepima. Kituo cha televisheni kinapima. Mwanga ukipita mia, kanzu inageuka doa jeupe lisilo na mikunjo. Rangi ikizidi, wekundu wa gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, unavuja nje ya kingo zake. Kituo hakibishani. Kinarudisha kazi.

Mwezi huu kituo kimoja cha Tororo kilimpa nafasi ambayo hakuwahi kuipata: kipindi cha nusu saa kuhusu wanawake wanaolima mtama Iyolwa. Kazi ilirudishwa mara mbili. Ikirudi mara ya tatu, nafasi atapewa mwingine.

“Ilitoka hapa ikiwa tisini na sita,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Imerudi mia na tisa. Mwanga haumei njiani kama uyoga. Kuna mtu.”

Mtu huyo, kwa mawazo yake, alikuwa Huzaifa, mpiga picha wake wa miaka sita. Wanawake wa Iyolwa wanazungumza Kidhopadhola, kwa hiyo safari hii Huzaifa aliandika tafsiri chini ya picha, kisha akapeleka faili Tororo. Tena ana kaka anayehariri video, ambaye angeweza kupewa nafasi hiyo. Benedeta aliacha kumkaribisha chai. Alifunga kompyuta kwa nywila hata alipokwenda kunawa mikono. Nami, nakiri, nilianza kuitazama mifuko ya Huzaifa.

Jumatano Huzaifa alipoingia, Benedeta hakuitikia salamu.

“Faili likitoka kwangu, unalifanya nini?”

“Naweka maneno, dada. Kwani naweka sukari?”

“Maneno gani?”

“Meupe kabisa, na ukingo wa manjano, mzee asome bila miwani. Si wewe ulisema yaonekane?”

“Fungua.”

“Wewe dada, utapima mpaka maji ya kunywa.”

“Nitakupima na wewe. Fungua!”

Mwanamke alionekana akipepeta mtama: tisini na sita. Sentensi ya kwanza ikatokea chini yake, mchoro ukaruka hadi mia na tisa. Sentensi ikatoweka, mchoro ukashuka.

Benedeta aliirudisha video nyuma, akaitazama tena. Kwenye harusi yeye ndiye humaliza kazi; hakuzoea mtu kuongeza kitu baada yake. Alikuwa amepima mapema, kabla maneno hayajawekwa.

“Kosa ni langu,” alisema hatimaye. Kisha, “Na kaka yako, ulimwonyesha?”

“Kaka yangu anauza simu Malaba tangu Pasaka!”

“Nitauliza Malaba.”

Walipunguza weupe wa maneno, wakaondoa manjano, wakapima pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Benedeta alipima tena peke yake.

Ijumaa asubuhi alibeba flashi mwenyewe hadi Tororo, mkononi, nasi wawili tukimfuata. Fundi wa kituo, Amoit, aliipokea, akaingia chumbani, akafunga mlango.

“Kwa nini amefunga?” Benedeta aliuliza.

“Kelele, dada.”

“Kelele gani? Kuko kimya kama kanisa Jumatatu.”

“Basi labda anapenda kimya.”

Benedeta hakucheka. Alihamia ukingoni mwa benchi, mahali ambapo angekiona kitasa. Kipindi ni cha nusu saa, na Amoit lazima akitazame chote kabla ya kukipitisha. Nilitazama saa yangu: zilikuwa zimepita dakika ishirini na saba, na Amoit alikuwa hajatoka kuturudishia kazi.